Nyakato Alipogoma Kula

Enzi zetu pale Kihanga, Karagwe, nyumba ilikuwa inatandikwa nyasi, na sisi wasichana tulizijua nyasi hizo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu vichwa vyetu ndivyo vilivyozibeba. Jumamosi asubuhi, umande haujakauka, unashuka bondeni na mundu, unakata, unatandaza juani, jioni unarudi kuzifunga mzigo kwa kamba za mgomba. Shingo inauma hadi Jumatatu. Lakini ukirudi kanisani Jumapili ukavua viatu, kama unavyo, na kukanyaga zile nyasi mpya sebuleni, ubaridi wake na harufu yake tamu vinakufanya usamehe kila kitu. Watoto wa siku hizi nikiwaambia kwamba tulikuwa tunakaa juu ya nyasi ndani ya nyumba, wananiangalia kwa huruma, kana kwamba nimewaambia tulilala zizini. Wao wana makochi ambayo mama zao wamewakataza kuyakalia.

Tulikua vizuri, na sioni haya kusema hivyo. Mipira yetu ilikuwa ya majani makavu ya mgomba, na ikiloa mvua ilikuwa mizito kiasi kwamba ukipigwa nayo katika mchezo wa rede unakaa chini kwanza ndipo unakumbuka kulia. Tulikalia magogo ya migomba na kuteleza nayo mlimani hadi gauni linabadilika rangi nyuma. Msimu wa senene ukifika, hakuna aliyekuwa anatuamsha. Tuliamka wenyewe gizagiza, tukarudi na makopo yamejaa, na nyumba nzima ikanukia senene wakikaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Shuleni tulikwenda na kuni, au samadi, au ndoo ya maji, kutegemea mwalimu wa zamu alikuwa ameamka na mawazo gani. Leo mtoto anabebewa begi hadi mlangoni, na bado anafika amechoka.

Katika utoto wote huo, kitu kinachonirudia mara nyingi kuliko vingine ni paka wetu wawili. Baba aliwaleta kutoka kwa shangazi yetu wa Kituntu, ndani ya kikapu chenye kifuniko, wakiwa wadogo hata kikombe cha chai kingewatosha kuogea. Walikuwa majike wote wawili, wa tumbo moja, mmoja rangi ya maziwa yaliyomwagiwa chai na mwingine mweusi mwenye kifua cheupe. Dada yangu Adela aliwaangalia kidogo akasema hawa ni mapacha, kwa hiyo majina yao yapo tayari: wa rangi ya chai ni Nyangoma, mweusi ni Nyakato, kama wanavyoitwa mapacha wa kike kwetu.

Mama hakupendezwa. Alisema majina hayo ni ya watu. Baba akajibu, "Basi tuwapeleke wakabatizwe," na Mama akamwangalia kwa namna ambayo ilimfanya Baba akumbuke kwamba alikuwa na kazi shambani.

Kwa Mama, paka alikuwa mfanyakazi. Alikuwa na magunia ya maharage nyuma ya nyumba, katika chumba kidogo cha kuhifadhia mazao, na panya wa Kihanga walikuwa hawajui aibu. Alikuwa hambebi paka wala kumpapasa, na akimkuta amelala mapajani mwangu alikuwa anasema, "Mpe huyo likizo ya kutosha, maharage utayalinda wewe." Lakini alipokuwa akisafisha dagaa, vichwa vilikuwa havitupwi. Viliwekwa kwenye jani la mgomba, pembeni mwa mlango wa jikoni, na paka waliujua mlango huo vizuri.

Katika kula, Nyangoma ndiye alikuwa anaanza. Hakuna aliyewafundisha. Nyangoma anakwenda kwenye jani, ananusa, anakula kidogo, halafu anasogea nusu hatua, na hapo ndipo Nyakato anakuja. Wakishiba walikuwa wanaingia chumba cha maharage na kulala nyuma ya magunia, wamejiviringisha pamoja kiasi kwamba ukitaka kujua mkia huu ni wa nani lazima uuvute. Pale nyasi zilikuwa zimelaliwa na kuwa kama kiota. Nyakato alikuwa wangu. Sijui nani alimfanya kuwa wangu, lakini nilipokuwa nikirudi shuleni alikuwa ananingoja kwenye mti wa kahawa wa kwanza ukiingia kibanjani kwetu, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na ananifuata hadi ndani bila haraka, mkia umesimama.

Mwaka mmoja maharage yalistawi sana, na panya nao wakastawi. Jirani mmoja akanunua sumu kutoka Murongo, mpakani, ilikokuwa inavushwa pamoja na sabuni na vitenge, akaitega ghalani kwake. Hakufanya kosa, ghala ni lake na panya ni wake. Ila panya hawajui mpaka. Mmoja aliyekula sumu kule alivuka hadi kwetu, na Nyangoma akamla. Adhuhuri tulimkuta kando ya mtungi wa maji, amejinyoosha, na Nyakato amekaa karibu yake akimlamba sikio. Baba alimzika chini ya mgomba, mimi nikalia hadi nikapata kwikwi. Mama alitupa nafasi ya kulia, halafu akasema sare za shule hazijafuliwa.

Tulidhani yameisha. Nyakato ndiye aliyetuonyesha kwamba hayajaisha. Alizunguka magunia akiita kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kabla, ya chini na ndefu. Alinusa mtungi, akanusa mlango, akarudi nyuma ya magunia na kulala peke yake upande ule ule aliokuwa analala siku zote, ameacha nafasi ya mwenzake. Akiwekewa dagaa alikuwa anakaa mbali kidogo na jani na kungoja. Nilielewa anachongoja, na nilikuwa nikigeuza uso. Hata hivyo alikuwa analamba maziwa kidogo kila siku, na Baba akasema muda utamtibu.

Pengine ungemtibu kweli, kama Adela asingekuwa anapata kipaimara. Jumapili ya kipaimara hicho mchungaji wetu alikuwa anakuja nyumbani kula na sisi baada ya ibada, na Mama alikuwa na msemo wake mmoja kuhusu wageni: mgeni anaangalia chini kwanza. Alikuwa na maana ya nyasi. Basi tukashuka bondeni sote, tukakata, tukakausha. Mama akaondoa nyasi zote za zamani nyumba nzima, sebule, vyumba, hadi nyuma ya magunia, na kama ilivyokuwa desturi hakuzitupa ovyo. Alizipeleka kibanjani na kuzimwaga mashinani mwa migomba, zikaoze pale na kuipa nguvu. Nyumba ikatandikwa upya na ikanukia kama bonde. Mama alisimama mlangoni mikono kiunoni akaridhika.

Siku hiyo hiyo Nyakato akatoweka.

Niliita hadi sauti ikanikauka. Kesho yake mvua ikanyesha, ile mvua ya Karagwe isiyo na haraka ya kwenda kwingine, na nilipotumwa kukata majani ya kufunikia ndizi nikamkuta. Alikuwa kibanjani, amelala juu ya rundo la nyasi tulizotoa ndani, ameloa hadi ngozi. Nilimbeba nikamrudisha, nikamkausha kwa sketi yangu, nikamweka nyuma ya magunia juu ya nyasi mpya. Alizinusa mara moja, akatoka kama aliyeingia nyumba ya watu. Nilipofunga mlango alikwaruza mbao na kulia hadi Baba akasema mfungulieni. Tulimfungulia, naye akarudi palepale kwenye mvua.

Ikawa hivyo. Namrudisha, anatoka. Maziwa hakuyagusa tena kabisa. Baba aliamini kwamba naye amekula panya mwenye sumu, na kwetu sumu ilitibiwa kwa maziwa, kwa hiyo alimshika akamlazimisha, na Nyakato akayatema yote kwenye shati lake. Mbavu zilianza kuonekana. Pua ikawa inachuruzika, akawa anakohoa kikohozi kidogo kikavu, na manyoya yake yaliyokuwa yanang'aa yakasimama ovyo. Bwana mifugo aliyekuja kumwona ng'ombe wetu alimtazama pia. Alisema hii haifanani na sumu, ni baridi imeingia kifuani. Akae pakavu na ale, la sivyo hatamaliza wiki. Ushauri ulikuwa mzuri. Shida ni kwamba mgonjwa mwenyewe alikuwa hautaki.

Nilikuwa na umri wa kuelewa maneno hayo yana maana gani. Nilijua nikikosea tu, siku moja nitapita kwenye ule mti wa kahawa na hakutakuwa na anayeningoja, leo wala kesho. Sikuweza kusoma. Mwalimu aliniuliza saba mara nane nikamwambia paka anaumwa, na darasa zima likacheka.

Ijumaa kabla ya sherehe mvua ilinyesha tena mchana. Mama alikwenda kibanjani kukata mikungu ya ndizi za kupikia wageni, akanikuta nimechuchumaa kwenye lile rundo la nyasi, nimeshika jani la mgomba kwa mikono miwili kumkinga Nyakato. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeloa chapachapa.

"Unataka niuguze wawili?" akauliza.

Nilijua nikifungua mdomo nitalia, na siku hizo ukimlilia Mama wakati ana kazi ulikuwa unaongezewa kazi. Akaweka panga chini, akainama amshike paka kwa shingo ili amwondoe. Halafu akasimamisha mkono. Chini ya kidevu cha Nyakato nyasi zilikuwa zimeshikana pamoja, zimelala kwa duara, na ndani yake kulikuwa na manyoya mengi, marefu, ya rangi ya maziwa yaliyomwagiwa chai.

Mama aliyagusa kwa kidole. "Hizi nyasi zilikuwa wapi?"

"Nyuma ya magunia, Mama."

Mvua ilikuwa inamtiririka usoni na hakujifuta.

"Kumbe nimemtolea dada yake nje," akasema.

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na nimesikia watu wakisema maneno mazito misibani, lakini sikumbuki yaliyonichoma kama hayo. Mama alifungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaitandaza, akakusanya zile nyasi chafu, zenye tope na manyoya, akahakikisha hazimwagiki. Kisha akamweka Nyakato juu yake, akabeba vyote viwili kifuani kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Mikungu ya ndizi aliiacha palepale. Mimi nilimfuata nyuma na jani langu, nikiendelea kuwakinga wote wawili, ingawa nilikuwa siwafikii.

Adela alikuwa sebuleni akipanga viti. Alipoona Mama anapita na tope juu ya nyasi tulizovunjika shingo kuzileta, karibu azimie. "Mama, mchungaji anakuja Jumapili."

"Atakalia kiti," Mama akasema, akapita.

Alizitandika karibu na jiko, mahali pakavu penye joto, siyo tena nyuma ya magunia bali pale pale ambapo mgeni yeyote angepaona. Nyakato alizinusa pande zote. Akageuka, akageuka tena, akalala upande wake ule ule, ameacha nafasi. Safari hii hakutoka. Jioni alilamba maziwa kwenye kidole changu, kidogo, kwa ulimi mkavu, na mimi sikuthubutu hata kukohoa. Jumamosi alilamba tena. Dagaa alikuwa bado anawatazama tu.

Jumapili nyumba ilijaa. Walikuja majirani, wanakwaya, na shangazi yetu wa Kituntu aliyetupatia wale paka. Kulikuwa na matoke na maharage, kulikuwa na mbuzi, na kulikuwa na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kikizungushwa kwa wakubwa kama heshima inavyotaka. Mchungaji aliingia, akavua kofia, na kweli, kama Mama alivyosema siku zote, akaangalia chini. Akaziona nyasi mpya. Halafu macho yake yakaenda hadi karibu na jiko, yakaona lile tandiko bovu lenye tope, na paka mwembamba juu yake. Adela alikuwa na gauni jeupe la kipaimara na alitamani ardhi immeze.

"Na huyu vipi?" mchungaji akauliza.

Mama alikuwa amebeba sinia. Hakuomba radhi wala hakueleza habari za nyasi. Alisema tu, "Ana msiba."

Mchungaji alitafuna kahawa yake taratibu. Alimwangalia Mama kuona kama anatania, akaona hatanii. "Poleni sana," akasema, na aliposema alikuwa ameelekea kule kwa paka. Majirani nao wakasema poleni. Shangazi akauliza ni yupi aliyekufa, akaambiwa ni Nyangoma, akasikitika na kutikisa kichwa. Watu wazima, na nguo zao za kanisani, wakampa paka pole. Hakuna aliyecheka.

Wakati wa kula mtu mmoja alidondosha kipande cha ini la mbuzi. Kilianguka mbali kidogo na tandiko. Nyakato alikiangalia. Akaangalia upande wa pili, ule wenye nafasi, akangoja. Niliacha kutafuna. Alingoja hadi nikadhani ndiyo yaleyale, halafu akanyanyuka kwa miguu inayotetemeka, akaenda yeye mwenyewe wa kwanza, akanusa, akala. Alikula kipande chote na kulamba mahali kilipokuwa. Mama, ambaye hakuwa amekaa tangu alfajiri, alitafuta kiti, akakaa katikati ya wageni wake na sinia mapajani. Baba akamwongezea Nyakato ini lingine kutoka kwenye sahani yake mwenyewe.

Alipona. Kikohozi kilikwisha, manyoya yakalala, na kabla kahawa hazijaiva alikuwa amerudi kuningoja pale mtini. Lile tandiko Mama hakuliondoa hadi Nyakato mwenyewe alipoacha kulilalia, na hilo lilichukua muda. Tulitandika nyasi mpya mara kadhaa tukilizunguka. Aliishi miaka mingi, akazaa, akazeeka, na panya wa Kihanga wakajifunza aibu kidogo.

Siku hizi hakuna anayekata nyasi. Bondeni pale watu wamelima, na nyumba ya Mama ina sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, anayoisugua kila asubuhi kwa bidii ileile. Mimi nipo Kayanga, nyumba yangu ina vigae, na binti yangu Koku anavipiga deki kwa sabuni yenye harufu ya maua ambayo hayajawahi kuota Karagwe. Nyumba ni safi, nakiri. Sirudishi shingo yangu kwenye ule mzigo. Ila kuna saa naikanyaga sakafu hiyo asubuhi, naitamani ile harufu, na hakuna duka linaloiuza.

Mwaka jana Koku alikuwa na paka wawili, na mmoja akagongwa na bodaboda. Aliyebaki akaacha kula. Koku, kama kizazi chake chote, akauliza simu. Simu ikamjibu mambo mengi. Tukamwita daktari wa mifugo, akampima, akamdunga sindano ya nguvu, akasema mwili hauna ugonjwa. Chakula cha pakiti kilikuwa kwenye bakuli, samaki walikuwa kwenye bakuli jingine, na paka alikuwa chini ya meza akiutazama ukuta. Mtoto wangu alikuwa amekaa sakafuni karibu yake. Mimi, ninayejifanya nakumbuka kila kitu, sikuwa nimekumbuka lolote. Nilimpigia Mama nimsalimie tu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imekuwa hivyo?"

Nikamweleza. Hakuuliza paka anapewa chakula gani, wala daktari amesema nini. Aliuliza neno moja.

"Mmefagia?"

Nilimwangalia Koku, naye akaniangalia. Tulikuwa tumefagia. Siku ileile ya msiba, kwa upendo kabisa, alikuwa ameosha mabakuli, akafua kitambaa walichokuwa wanalalia, akapiga deki mara mbili. Nyumba nzima ilikuwa inanuka maua. Tulitafuta chini ya makochi, nyuma ya kabati, kila mahali, tusipate hata unyoya. Mwisho Koku akaenda chumbani kwake, akavuta kitu kutoka chini ya kitanda, akasimama nacho kwa aibu. Lilikuwa sweta lake la shule, ambalo nilikuwa nimemwagiza alifue wiki mbili kabla. Paka wote wawili walikuwa wamelilalia, na limejaa manyoya.

Aliliweka chini ya meza. Paka akalinusa pande zote, akageuka, akalala. Jioni akala.

Asubuhi za Karagwe zina baridi, na wakati wa ukungu zina baridi zaidi. Kesho yake, Koku alitoka kwenda shule amejikunyata, mikono amejikumbatia, shati tupu. Nilisimama mlangoni nikamwangalia hadi akapotea kwenye ukungu, na habari za sweta sikumuuliza.